Alama ya Rangi Juu ya Buloni

Ndugu watumikaji, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu jioni nyumbani, mwezi huu tunazungumza habari ya rangi. Siyo rangi ya ukuta, bali rangi ya motokari, tena motokari za zamani za Marekani, zile zilizotengenezwa tangu mwaka 1964 mpaka mwanzo wa miaka ya 1970. Wenyewe wanaziita muscle car, maana yake motokari za misuli: mwili wa kadiri, lakini moteri kubwa kupita kadiri. Pontiac GTO ni mojawapo, na Chevrolet Camaro, na Dodge Challenger, na Plymouth Barracuda. Mtu atauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi wa karyeri na wa usine? Asome kwanza mpaka kwenye habari ya buloni.

Leo motokari hizo ni mali ya bei kubwa sana. Kuna watu wanaozinunua zikiwa zimekula kutu, wanazivunja mpaka kipande cha mwisho, wanazijenga upya. Na hawatosheki gari likiwa zuri tu. Wanataka liwe sawasawa na siku lilipotoka usine, rangi ile ile, mahali pale pale, hata rangi iliyomwagika kwa bahati mbaya.

Kosa la usine linahesabiwa

Kazi inaanza kwa kusoma kibao. Usine za Chrysler zilifunga kibao kidogo cha chuma chini ya kifuniko cha moteri, karibu na bawa la mbele. General Motors walikiweka kwenye ukuta ule unaotenga moteri na viti. Ford, kwa miaka mingi, walikiweka kwenye mlango wa dereva. Juu ya kibao kuna namba za siri. Camaro ya mwaka 1969 yenye namba 72 ilitoka na rangi ya chungwa iliyoitwa Hugger Orange. Plymouth ya mwaka 1970 yenye EV2 nayo ni ya chungwa, lakini chungwa lingine kabisa. Fundi asiyesoma kibao anapakala kwa kukisia, na mwenye gari anapoteza feza.

Kisha fundi anapaswa kujua rangi ilikuwa ya aina gani. General Motors walitumia lacquer ya akriliki, ambayo hukauka kwa kupoteza maji yake ya kuyeyushia. Waliisugua, kisha waliirudisha katika tanuru ili uso wake uyeyuke kidogo na kulala laini. Ford na Chrysler walitumia enamel iliyopikwa kwa moto. Kwa jicho la mtu wa kawaida ni kitu kimoja. Kwa jicho la anayejua ni tofauti kama ugali wa mahindi na ugali wa muhogo.

Sasa tufike kwenye jambo linalochekesha. Katika usine kubwa za wakati ule, gari moja lilitoka karibu kila dakika. Mpakalaji hakuwa na nafasi ya kubembeleza. Ndani ya milango rangi ilikuwa nyembamba. Chini ya gari, rangi ya mwili iliruka ikachanganyika na rangi ya kwanza, ile ya kijivu au ya udongo mwekundu, ikaacha mawingu-mawingu. Moteri ya Chevrolet ilipakwa rangi ya chungwa kwa haraka, na rangi hiyo ikarukia mabomba ya chuma ya kutolea moshi. Baada ya safari chache iliungua ikatoka. Hata uso wa gari lenyewe haukuwa kioo. Ulikuwa na vidoti-vidoti kama ganda la chungwa.

Yule anayefufua gari anarudisha mambo hayo yote kwa makusudi. Anapima mawingu ya chini ya gari kwa picha za magari ambayo hayajaguswa. Anajua kwamba Camaro iliyotoka Norwood, katika jimbo la Ohio, haifanani chini na dada yake iliyotoka Van Nuys, California, kwa sababu watu wa kila usine walikuwa na desturi yao ya kupuliza. Usine ya Norwood ilifungwa mwaka 1987, ile ya Van Nuys mwaka 1992, na ile ya Hamtramck, zilikotoka Challenger na Barracuda, ilikuwa imekwisha kufungwa tangu mwaka 1980. Wapakalaji wametawanyika. Alama ya mkono wao imebaki chini ya magari.

Mwaka 1974 wapenzi wa Chevrolet Corvette waliunda chama chao, National Corvette Restorers Society. Waamuzi wa chama hicho hulinganisha gari na lilivyokuwa mwisho wa mstari wa kujengea, na wanatoa alama au kuzipunguza. Ukileta gari linalong'aa kupita lilivyong'aa usine, unapunguziwa. Jambo hilo linawashangaza watu wengi, lakini lina haki yake: uzuri ulioongezwa nao ni uongo kuhusu kitu cha zamani.

Nukta ya manjano, mstari wa buluu

Ukilala chini ya gari moja la namna hiyo, utaona nukta na mistari ya rangi hapa na pale: nukta ya manjano juu ya buloni ya usukani, mstari mweupe kwenye springi, mistari miwili ya rangi kwenye shafti inayopeleka nguvu nyuma, maandishi ya chaki kwenye ukuta wa moteri. Mtoto angesema ni uchafu. Lakini ilikuwa lugha ya watu wa usine, na lugha hiyo ilisema maneno ya namna mbili.

Namna ya kwanza ilisema: «Mimi ni nani». Springi zinafanana kwa macho, lakini moja ni ya gari zito na nyingine ya gari jepesi. Shafti moja ni ndefu kupita nyingine kwa upana wa vidole tu. Mtu wa kwenye mstari hakuwa na wakati wa kupima, kwa hiyo walipaka mistari ya rangi, naye aliangalia rangi akachukua.

Namna ya pili ilisema: «Nimekazwa, nimeangaliwa». Mtumikaji alikaza buloni kwa nguvu iliyoandikwa, kisha yeye au mkaguzi aliigusa kwa brashi ya rangi. Mtu aliyefuata alipoona nukta, alijua kazi imekwisha. Asipoiona, alisimamisha jicho lake hapo. Nukta moja ya rangi ilikuwa saini ya mtu juu ya usukani wa familia ambayo hataiona kamwe.

Na hapa ndipo ukurasa huu wa usalama unapoingia. Wale wanaofufua magari leo wananunua picha, wanahesabu nukta, wanazipaka. Wengine, tena wale wenye akili, wanakaza kwanza kwa ufunguo wa kupima nguvu, kisha wanapaka. Lakini kuna wanaopaka nukta siku ya mapambo, gari likiwa limesimama juu ya miguu yake ya chuma, na buloni imekazwa kwa mkono tu, «tutaimalizia kesho». Kesho fundi mwingine anapita, anaona nukta ya manjano, anaendelea. Gari linatoka. Alama iliyowekwa kulinda maisha imegeuka kuwa shahidi wa uongo.

Tuwaulize sasa wale waliotaka kujua yatuhusu nini. Ekru za gurudumu la kamioni kubwa la karyeri, je, haziwekewi alama ya rangi baada ya kukazwa, mstari unaotoka kwenye ekru mpaka kwenye chuma, ili ikigeuka hata kidogo mstari ukatike na dereva aone? Na dereva wa zamu ya usiku, kwa taa yake ndogo, anaamini nini kama siyo mstari ule? Fundi anayepiga mistari yote kumi mara moja «ili kushinda wakati», kisha anaanza kukaza, amekwisha kusema uongo kabla hajashika ufunguo. Akiitwa kando na shefu wa ekipe, akirudi na kufikiri amemaliza, hakuna jicho litakalomsahihisha. Kaza moja, weka alama moja, nenda kwa inayofuata. Na ekru ikifunguliwa kwa sababu yoyote, alama ya zamani ifutwe hapo hapo, kabla ya kitu kingine.

Tusisahau pia kwamba rangi haiwezi kukaza. Kuna wanaopaka rangi nene juu ya ekru wakifikiri itaishika isifunguke. Ikianza kulegea, rangi hiyo itapasuka tu, basi. Kupasuka huko ndiyo kazi yake: kukuambia.

Vumbi la rangi ya zamani

Turudi kwenye gari lililokula kutu. Kabla ya kupaka upya, rangi ya zamani inatolewa, na hapa hatari inaanza kabla hata kopo halijafunguliwa.

Rangi za manjano, za chungwa na nyekundu za miaka ile mara nyingi zilipata mwako wao kutoka kwa kromati ya risasi. Risasi ni metali ile nzito, laini, ya kwenye betri. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa nyumba mwaka 1978, lakini rangi za motokari hazikuwa katika marufuku hiyo. Tena, mahali bati la paa linapoungana na bati la ubavu, usine ziliziba kwa risasi iliyoyeyushwa, kabla ya desturi ya mastiki ya plastiki. Kwa hiyo fundi anayesugua gari la mwaka 1969 kwa masini kavu anaweza kuwa anatengeneza vumbi la risasi na kulivuta.

Risasi haiui kwa siku moja. Inakaa katika damu, kisha katika mifupa, kwa miaka. Mkubwa anaanza kuumwa tumbo, kufunga choo, kichwa kuuma, nguvu kupungua, damu kuwa chache, naye anadhani ni malaria au uchovu. Mtoto anaumia kupita mkubwa, kwa maana risasi inaharibu akili yake ingali inakua. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Mama, neno hili ni lenu. Vumbi hilo halibaki garajini. Linakuja nyumbani katika nywele, katika viatu, katika ovaroli. Mtoto anakimbia kumpokea baba yake, anakumbatia ovaroli. Baba abadilishe nguo kazini, anawe mikono na uso kabla ya kula, aoge. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, siyo pamoja na za watoto, na zisikung'utwe kwanza ndani ya parsele. Kukung'uta ndiko kunakoamsha vumbi.

Kazini, asugue kwa maji, siyo kavu. Asijipulizie nguo kwa upepo wa kompresere. Upepo huo unaondoa vumbi kwenye nguo na kulipeleka puani. Na wale wanaotumia dawa ya kutoa rangi yenye kloridi ya metileni wajue kwamba, ikishaingia mwilini, dawa hiyo inatengeneza moshi ule ule wa sumu unaotoka kwenye jiko la makala katika chumba kilichofungwa, yaani monoksidi ya kaboni. Imeua mafundi waliojifungia bafuni wakitoa rangi ya beseni. Marekani ilikataza kuiuzia watu wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi mwaka 2019.

Sumu isiyonuka

Lacquer na enamel za zamani leo ni wachache wanaozitumia, hata kwa magari ya mashindano. Wengi wanapaka rangi mpya ya sehemu mbili: rangi katika kopo moja, dawa ya kugandisha katika kopo lingine. Zinachanganywa, zinapulizwa, zinaganda ngumu kama jiwe, zinang'aa miaka mingi. Anayetaka sura ya usine anapunguza mwako huo baadaye kwa kusugua. Rangi hiyo ni nzuri, hatukatai. Lakini dawa ya kugandisha mara nyingi ina kitu kinachoitwa isosianati.

Isosianati ni mwizi wa kimya. Harufu unayosikia wakati wa kupuliza ni ya maji ya kuyeyushia. Isosianati yenyewe hauinusi mpaka iwe imekwisha kupita kiasi cha hatari. Fundi anaweza kupuliza miezi au miaka bila neno. Halafu siku moja usiku, masaa mengi baada ya kazi, kifua kinabana, kikohozi hakiachi, pumzi inapiga filimbi. Asubuhi kimepita. Anasema ni baridi ya usiku, au vumbi la barabara ya kamioni. Siku za mapumziko anakaa vizuri, akirudi kazini kinaanza tena. Hiyo ni pumu ya kazini. Mwili ukiisha kuchukia isosianati, hauisahau: hata kiasi kidogo sana, hata mwenzako akipuliza katika chumba cha pili, kinaweza kukuangusha. Wengine wameacha ufundi kabisa wakiwa na umri mdogo. Wengine wamekufa.

Jambo hili siyo la wapenzi wa Amerika peke yao. Rangi hiyo ya sehemu mbili inapulizwa katika ateliye za makampuni na katika garaji za vitongoji, magari yaliyotumika yaliyopita Kasumbalesa yanapofanywa upya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, mtumikaji haruhusiwi kushika dawa yenye isosianati kupita asilimia 0.1 bila kufundishwa kwanza. Kwetu fundi kijana anafundishwa na fundi mzee chini ya mwembe, na fundi mzee mwenyewe anakohoa.

Je, inafaa kuvaa nini? Kitambaa mdomoni hakizuii kitu ila matone makubwa. Maski ya vumbi ni hivyo hivyo. Maski yenye sanduku la makala maalum inazuia maji ya kuyeyushia, lakini kwa isosianati ina kasoro: sanduku likichoka, pua haiwezi kukuonya, kwa maana kitu chenyewe hakinuki. Basi libadilishwe kwa siku zilizoandikwa, na siyo kwa kunusa. Na ndevu zinafungua njia pembeni ya maski yoyote inayobana uso. Iliyo bora ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Lakini tazama kompresere inavuta hewa wapi! Ikiwa moteri yake ya mafuta inatoa moshi karibu na mdomo wa kuvutia, unampelekea fundi moshi moja kwa moja puani.

Macho na ngozi navyo vifunikwe, kwa maana isosianati inaweza kuamsha ugonjwa hata kwa kupitia ngozi. Mikono isioshwe kwa maji ya kuyeyushia rangi, jambo tunaloliona kila Jumamosi. Sabuni na maji, au mafuta ya kula kidogo kwanza, vinatosha kwa rangi ambayo haijaganda.

Na moto. Mvuke wa maji ya kuyeyushia ni mzito kupita hewa. Watu wa shimoni wanaelewa upesi neno hili: unashuka, unatafuta mahali pa chini, unajaza shimo la kukagulia magari, unatambaa sakafuni mpaka kwenye mbabula ambapo mama anakaanga samaki hatua kumi kutoka hapo. Kisha unarudi ukiwa mwali. Mbabula, sigara, na masini ya kuchomea chuma vikae mbali, na shimo lifunikwe au lipulizwe hewa kabla mtu hajashuka.

Kuhusu maziwa

Watumikaji wengi wanaamini kwamba kikombe cha maziwa kabla ya kupuliza rangi kinaosha sumu. Tumesikia hayo katika kila kambi, na kuna mashefu waliogawa maziwa kwa nia njema badala ya maski. Maziwa ni chakula kizuri, mpeni mtoto. Lakini yanakwenda tumboni, na isosianati inakwenda mapafuni, havikutani njiani. Kampuni inayotoa maziwa bila maski haijatoa kitu.

Anayepuliza rangi, akisikia kifua kinabana usiku, asingoje mwezi uishe. Aende dispanseri au lopitali, na asiseme tu «ninakohoa». Amwambie munganga kazi anayofanya, siku kilipoanza, na kama kinatulia siku za mapumziko. Achukue pia karatasi ya kopo la dawa ya kugandisha, hata kama imechafuka, kwa maana jina la kitu alichovuta limeandikwa hapo.